Gari Lililomkataa Mwalimu: Kisa cha Pampu Nzima Iliyokosa Umeme

Gari lilikuwa Toyota IST ya 2004, injini 1NZ ya sisi 1,500, na siku lilipoletwa kwangu hapa Tanga liliingia gereji likinguruma vizuri tu. Ugumu wa ugonjwa huu unaanzia hapo. Gari lililokataa kabisa kuwaka halina maneno mengi, unalifungua unatafuta. Linalozima barabarani halafu likawaka mbele ya fundi humfanya mwenyewe aonekane mzushi.

Mwenyewe ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja upande wa Muheza. Anakaa mjini, kila siku anakwenda na kurudi.

"Asubuhi halina shida, fundi," alisema. "Mchana nikirudi, nikikaribia Pongwe, linaanza kurukaruka kama limeishiwa mafuta. Mara mbili, mara tatu, halafu kimya. Stata inazunguka kama kawaida lakini haliwaki. Nikishuka nikakaa kivulini dakika ishirini, linawaka. Na mume wangu akija kunichukua, akikaa tu na kupiga ufunguo, linawaka hapo hapo. Yeye halijamzimikia hata siku moja."

Nilicheka. Mafundi watatu walionitangulia walicheka pia, na mmoja alimwambia hajui kukanyaga mafuta.

Mwalimu hakucheka. Alifungua mkoba akatoa bahasha ya risiti na daftari la shule lenye mistari. Risiti nilizipokea, daftari nikalisogeza pembeni ya meza. Ningelisoma siku ile ningeokoa wiki nzima.

Risiti zilikuwa na historia yake. Fundi wa kwanza aliweka pampu ya mafuta, ya mtumba, kwa 80,000. Gari lilipozima tena, mwalimu akaambiwa mtumba ni bahati nasibu, akanunua mpya kwa 150,000. Wa pili alisafisha nozeli zinazonyunyizia petroli kwenye injini, 60,000, akabadili plagi zote nne, 48,000. Wa tatu akasema ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba mhimili wa injini unazunguka, 70,000, na kwa usalama akabadili rilei ya pampu, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, 15,000. Ongeza ufundi wa 90,000, unapata shilingi 513,000, na gari bado linazima Pongwe.

Siwalaumu sana wenzangu. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuleta dalili hizi hizi. Pampu iliyochoka hulala ikipata joto na kuamka ikipoa. Sensa ya krenki nayo inajulikana kwa kufa mchana na kufufuka jioni. Ila hakuna hata kimoja kilichopimwa wakati gari limekwama. Vyote vilibadilishwa gereji, kivulini, saa ambayo gari halina shida, halafu mteja akaambiwa, "Nenda kajaribu."

Kabla ya kushika spana nilitaka kujua gari hili linakufaje. Likikosa moto wa plagi hukata ghafla, kama vile umezungusha ufunguo kulizima. Likikosa mafuta hufa kwa kusuasua: linavuta, linaachia, unakanyaga halijibu, ndipo linanyamaza. Maneno ya mwalimu, "linarukaruka mara mbili, mara tatu", yalinipeleka kwenye mafuta. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo ikaunga mkono. Taa ya injini haikuwa inawaka, lakini ndani, kwenye kodi za hitilafu zinazosubiri kuthibitishwa, kulikuwa na P0171, yaani hewa nyingi, mafuta kidogo. Kompyuta ya injini hii haina sensa ya presha ya mafuta, kwa hiyo haiwezi kukwambia kwamba pampu imelala. Inachoweza ni kunusa moshi kwa sensa ya oksijeni na kulalamika kwamba mafuta hayatoshi. Kwa nini hayatoshi, hilo ni lako.

Njia ya umeme wa pampu kwenye gari la namna hii haina mambo mengi. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na rilei kuu ya injini, unafika kwenye rilei ya pampu, ile ambayo michoro ya Toyota huiandika C/OPN. Rilei hiyo inaongozwa na kompyuta, nayo huiamuru ifunge, yaani iruhusu umeme upite, ikiona krenki inazunguka. Krenki ikisimama, kama sekunde mbili baadaye rilei inaachia na pampu inanyamaza, ili gari likigonga na injini ikafa petroli isiendelee kusukumwa kwenye bomba lililopasuka. Kutoka kwenye rilei, waya unapita chini ya kingo za milango mpaka chini ya kiti cha nyuma kilipo kifuniko cha tenki, unaingia kwenye pampu, kisha unatoka kwa ethi, yaani waya wa kurudisha umeme, hadi kwenye bodi. Sekunde mbili hizo zikumbuke, zitakuja kutusumbua.

Nilianza na geji ya presha ya mafuta. Niliiunga kwenye bomba karibu na reli ya nozeli, ikasoma 46 psi. Injini hii inatakiwa kuwa kati ya 44 na 50, au kPa 304 hadi 343 ukipenda vipimo vya kitabu. Nikatoka na gari hadi Raskazone na kurudi, geji imefungwa kwa tepu juu ya kioo cha mbele ili niione nikiwa naendesha. Mshale haukutikisika. Nikarudi chini ya mwembe wangu, nikanyanyua kiti cha nyuma, nikachomoa soketi ya pampu, nikairuka rilei kwa kipande cha waya ili umeme uje bila injini kuwaka, na nikaweka mita kwenye soketi. Volti 12.4. Safi.

Kwenye soketi hiyo hiyo pini ya ethi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, kama iliyowahi kupata moto. Nikafurahi! Fundi akiona kitu kilichoungua huacha kutafuta, na mimi sikuwa tofauti siku hiyo. Nikabadili soketi, nikakwangua ethi kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa, nikamkabidhi mwalimu gari lake.

Siku ya nne likamzimikia. Pongwe, saa tisa kasoro.

Alikuja jioni. Nilitegemea maneno makali, lakini alichotaka ni nimwonyeshe nilivyopima. Nikanyanyua kiti, nikachomoa soketi, nikaweka sindano za mita. Volti 12.4 ileile.

"Kwa hiyo siku ile pia soketi uliichomoa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa mkondo ulikuwa unapita wapi?" Akaningoja kidogo, kama anavyomngoja mwanafunzi aliyeko ubaoni. "Hapo hukupima waya, fundi. Umepima betri."

Nina miaka mingi kwenye umeme wa magari na nilikuwa nalijua hilo. Kulijua na kulifanya saa kumi na moja jioni, wateja wawili wakikusubiri, ni vitu viwili. Chukua bomba la maji lililoziba kwa matope. Ukiweka kidole mdomoni pake utasikia presha ileile ya bomba zima. Ondoa kidole, uweke dumu la lita ishirini, utaona maji yanavyodondoka. Mita ni kile kidole. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa megaomu 10 hivi, inavuta mkondo ambao hata waya wenye uzi mmoja uliobaki unaweza kuubeba. Pampu ya mafuta inataka ampea nne, tano. Kiungo kibovu chenye omu mbili tu hakitaonekana kwa mita soketi ikiwa imechomolewa, lakini pampu ikianza kuvuta, kiungo hicho kinaimeza karibu nusu ya volti zote njiani. Ukitaka ukweli, pampu iwe inafanya kazi na sindano zichomekwe kwa nyuma ya soketi ikiwa imefungwa. Kama pampu haipo, weka balbu ya breki ya wati 21 badala yake, nayo itavuta mkondo wa kutosha kukuonyesha kinachoendelea.

Jioni ile ndipo nikalifungua daftari.

Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, kilomita, mafuta kwenye tenki, AC, dereva. Mara tisa katika wiki sita, bila kuhesabu ile ya kwangu. Mafuta mara robo, mara nusu, mara tenki limejaa, kwa hiyo lile wazo la pampu kupata joto kwa sababu haijazama kwenye petroli likafa palepale. AC mara imewashwa, mara imezimwa. Saa, zote kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Safu ya dereva ilikuwa na neno moja lililorudiwa mara tisa: mimi.

Joto nililielewa upesi. Gari linashinda juani shuleni tangu asubuhi, vioo vimefungwa, halafu mtu anaingia na kuondoka. Kwangu linashinda chini ya mwembe. Tungekaa hapo mwezi mzima lisizime. Ile safu ya dereva sikuielewa, ila safari hii sikucheka.

Tatizo lililobaki lilikuwa namna ya kupima gari likiwa limekufa kilomita kadhaa kutoka nilipo, wakati likifika kwangu huwa limeshapona. Dawa ni kuacha vipimo ndani ya gari na kumpa mteja macho. Wengine hutumia taa ndogo za LED, mimi sizipendi kwa kazi hii, kwa sababu nyingi huwaka vizuri tu hata volti zikiwa zimeshuka sana. Nilichukua balbu tatu za taa ya namba, za wati 5, zile za kawaida zenye uzi ndani. Uzi hausemi uongo: volti zikipungua unafifia, unakuwa mwekundu, unazimika.

Balbu ya kwanza niliiunga kwenye umeme unaoingia rilei ya pampu. Ya pili kwenye umeme unaotoka kwenye rilei hiyo. Ya tatu kwenye waya chanya wa pampu, kule nyuma kabisa, juu ya tenki. Kila moja niliipa fyuzi yake ndogo, na ethi za zote tatu nikazipeleka mbele, mbali na ethi ya pampu. Hilo la ethi lina sababu. Kama balbu ya tatu ingewaka vizuri wakati pampu imelala, ningejua waya chanya hauna hatia, na lawama ni ya ethi ya pampu au pampu yenyewe. Nikazibandika juu ya dashibodi kwa tepu. Mwalimu akatoa vibandiko vyake vya darasani, akaziwekea rangi: nyekundu, bluu, kijani.

Sasa zile sekunde mbili. Injini ikishakufa, kompyuta inaachia rilei, na balbu ya pili na ya tatu zitazimika tu hata kama hakuna ubovu wowote. Ukizitazama wakati huo utapata jibu la uongo. Kwa hiyo nilimwelekeza: likizima, egesha pembeni, washa taa za tahadhari, kisha zungusha stata na abiria arekodi balbu kwa simu wakati stata bado inazunguka. Siyo kabla, siyo baada.

Siku ya tatu ikaingia video ya sekunde kumi na moja, imechukuliwa na mwalimu mwenzake anayempa lifti. Stata inasikika. Nyekundu inawaka. Bluu inawaka. Zote mbili zimefifia kidogo, jambo la kawaida stata inapokula betri. Ya kijani ilikuwa na kiuzi chekundu katikati, kama kaa la moto linalokaribia kuwa jivu.

Niliirudia video ile mara tano, na si kwa sababu nilikuwa na shaka. Risiti zile za laki tano zilijibiwa hapo. Kompyuta inaiona krenki, vinginevyo rilei isingefunga. Rilei inafunga. Pampu haipati umeme wa kutosha. Ubovu uko kwenye mita chache za waya kati ya dashibodi na kiti cha nyuma.

Kesho yake Jumamosi nikaondoa plastiki za kingo za milango upande wa dereva. Fungu la nyaya lilikuwa limefungwa vizuri kwa tepu ya kiwandani, mpaka usawa wa kiti cha dereva, ambapo tepu ilibadilika. Ilikuwa ile nyeusi ya dukani, imeyeyuka na kugandamana kama gundi. Kutoka hapo nyaya mbili ambazo si za gari ziliingia chini ya kapeti na kuelekea chini ya kiti. Nikainama na tochi. Chini kabisa ya fremu ya kiti, mahali ambapo mkono unafika bila macho kuona, kulikuwa na kiswichi kidogo.

Swichi ya siri.

Kwa asiyezijua: ni kinga ya wizi ya kienyeji, na magari mengi sana ya mitumba yanayo. Unakata waya wa pampu, unaweka swichi katikati, unaificha unapojua wewe. Mwizi akiwasha, gari linakwenda na petroli iliyobaki kwenye bomba, halafu linamfia. Si wazo baya. Gari hili lilinunuliwa mkononi, na aliyeliuza hakusema kitu. Mwalimu na mumewe walikuwa wameendesha miaka mitatu bila kujua kwamba petroli yao inapitia kwenye swichi iliyo chini ya makalio.

Hapa kuna kishawishi kikubwa cha kukata na kuunga upya, halafu useme umemaliza. Nilijizuia. Nilishamaliza mara moja nikarudishiwa gari. Nikalisogeza juani, vioo juu, kuanzia saa nne mpaka saa saba. Kisha nikachoma sindano moja ya mita kabla ya kile kiungo na nyingine baada yake, injini ikiwa inaunguruma. Kipimo hiki hakiulizi umeme umefika kiasi gani, kinauliza kiasi gani kimepotea katika sentimita hizo chache. Kwenye waya mzima utaona sehemu ndogo ya volti moja, tena ndogo sana. Mita ikasema 0.4. Nyingi kwa kiungo, lakini haizimi gari.

"Keti, mwalimu," nikasema. "Ukae kama unavyokaa ukiendesha."

Akaingia. Akashika kile chuma cha chini, akavuta kiti mbele. Ni mtu mfupi, akitaka kufika klachi, enzi zile za gari lake la kwanza, alizoea kukaa karibu na usukani, na hata sasa kwenye otomatiki hajaacha. Reli ya kiti ikateleza, tak, tak, tak, na mita ikaruka: 1.1, 2.6. Akajiegemeza. 4. Injini ikaanza kukohoa. Nikamwomba akanyage mafuta kidogo. 6.5, injini ikarukaruka mara mbili na kunyamaza.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mwalimu akasema, "Mume wangu ana miguu mirefu."

Basi hadithi nzima ikajipanga. Mumewe akija Pongwe, jambo la kwanza analofanya ni kusukuma kiti nyuma ili magoti yaingie. Reli inaondoka juu ya waya, nyuzi zinagusana tena, gari linawaka, na yeye anamwangalia mkewe. Mwalimu akishuka mwenyewe, uzito unaondoka kitini, mlango unabaki wazi, kiungo kinapoa, na baada ya dakika ishirini hivi kinashika tena. Asubuhi kiungo kingali baridi na safari inaisha kabla hakijapata moto. Hata kwa nini halikuwaka stata ikizungushwa kunaeleweka: betri wakati huo inashuka hadi volti kumi hivi, kiungo kinakula karibu nusu, na pampu inapata tano. Inavuma kidogo. Presha hakuna.

Tufanye hesabu ya ule mwisho wa 6.5, kwa sababu inaonyesha tepu iliyeyukaje. Altaneta ilikuwa inatoa volti 14.1 na pampu ilibakiwa na 7.2 hivi, nyingine kidogo zikipotea kwenye waya uliobaki, huku kleme mita, ile inayobana waya na kupima mkondo, ikisoma ampea 3.1. Volti 6.5 mara ampea 3.1 ni wati 20. Ni kama mtu kafunga balbu ya breki ndani ya tepu, akaiweka chini ya kapeti na kuiwasha. Kila mara kiungo kikipata moto, shaba inazidi kuungua, ukinzani unazidi, moto unaongezeka.

Tulirudia mara tatu. Kiti mbele, linakufa. Kiti nyuma, linawaka. Kisha nikaweka waya wa nje unaoruka kiungo kile, mwalimu akavuta kiti mbele mpaka mwisho na kujirusha juu yake kama mtoto kwenye godoro jipya. Injini haikujali. Ubovu ukiweza kuuleta kwa mkono na kuuondoa kwa mkono, ndipo chukua kisu.

Nilipokata na kuifungua ile tepu, ndani hakukuwa na risasi ya kulehemu wala kibomba cha kubana nyaya. Waya ulikuwa umesokotwa kwa vidole tu, shaba imegeuka kijani na nyeusi. Maji yalitoka wapi? Kapeti lilikuwa limeoshwa kwa sabuni na ndoo mara nyingi, na juu yake ni viatu vya mvua za Muheza na hewa ya bahari ya mji huu, ambayo haisamehe shaba iliyo wazi. Nyuzi zilizokuwa bado zimeshikana niliweza kuzihesabu: tano. Nyingine zilikatika zikichuliwa na reli kila kiti kiliposogezwa.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi. Nilitoa hasi ya betri, nikarudisha waya kama ulivyotoka kiwandani, kipande kipya chenye unene uleule, nikalehemu kwa risasi, nikafunika kwa mpira unaonywea kwa joto, na kiungo nikakiweka juu ya kingo ya mlango, mbali na reli na miguu. Kazi hii ifanywe mbele huko na kifuniko cha tenki kikiwa kimefungwa, maana kuna watu nimewaona wakishika pasi ya kulehemu juu ya tenki lililo wazi. Jumla nilimtoza 35,000 na siku ile ya soketi sikuihesabu.

Mume alipofika kuchukua gari aliiangalia ile swichi na kuipenda. Akauliza kama naweza kuirudisha, safari hii kwa ufundi mzuri. Inawezekana, na kama mtu anaitaka kweli, basi isiwekwe kwenye waya mnene wa pampu. Iwekwe kwenye waya mwembamba unaoiamuru rilei, ambako mkondo ni sehemu ndogo ya ampea moja na kiungo hakiwezi kujipika. Hata hivyo kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kukwama. Nilikuwa namweleza hayo, mwalimu akamkata.

"Mwizi akilitaka atanikuta nimesimama nalo Pongwe. Iache."

Ikaachwa.

Nilisoma mashine tena baada ya wiki mbili. Kwenye kipimo cha kwanza kabisa kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa asilimia 22 juu ya hesabu yake ili kufidia, namba ambayo niliiona na kuihusisha na P0171 bila kujiuliza kwa nini ni kubwa hivyo hata siku ambazo gari linakwenda. Kumbe pampu haikuwa inapata haki yake hata siku nzuri, na wakati wa geji Raskazone nilikuwa nimekaa mimi, kiti nyuma, asubuhi. Sasa ilikuwa asilimia 3. P0171 nilishaifuta na haikurudi. Presha 47, kiti kikiwa mbele kabisa.

Pampu ya zamani, ile iliyotoka na gari, mwalimu alikuwa bado nayo kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti. Nilimwambia asiitupe. Kipande cha kiungo alikiomba akaondoka nacho kwenye kimfuko cha plastiki. Swichi ilibaki kwangu. Niliipima kwa udadisi tu, kwa mkondo wa balbu ya wati 21 ukipita ndani yake, na ilikuwa nzima kabisa. Ipo kwenye kopo la skrubu.